Mbeleko ya Rafu ya Juu: Tunamuaga Sista Secilia Shemboza

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Secilia Shemboza, Muuguzi Kiongozi wa Wodi ya Watoto, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitano. Wengi mnaosoma jarida hili hamjawahi kuiona wodi ile bila yeye. Mimi ninayeandika, Bakari wa duka la dawa, nilimkuta hapa, na yeye ndiye aliyenionyesha choo cha wafanyakazi kilipo, tena kwa kunikaripia kwa nini nimechelewa kuuliza. Kamati ya sherehe iliponipa kazi ya kuandika wasifu wake nilifurahi kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba na yeye atausoma.

Sista Secilia alizaliwa Mlalo, katika familia ya wakulima wa Kilutheri walioishi kwa maharage na viazi. Baba yake alitaka awe mwalimu, kwa sababu sauti alikuwa nayo tangu utotoni. Yeye akachagua uuguzi. Aliporipoti kazini kwetu alifika juu ya lori la kabichi, mvua inanyesha, amekaa katikati ya mzigo na mwavuli mweusi ameufungua kana kwamba lori zima ni la kwake. Mwavuli umebadilishwa mara nyingi tangu siku hiyo, lakini rangi ni ile ile, na hautoki mkononi hata jua likiwaka. Anasema mawingu ya Lushoto hayana adabu, hayapigi hodi.

Ulimi wake mnaujua. Mganga mfawidhi mmoja aliingia wodini bila kunawa, akatolewa nje mbele ya wanafunzi, akaenda kunawa, akarudi akiwa ameshika mikono juu kama mtu anayekamatwa na polisi. Hakuna mtoto mwenye vidonda aliyeogeshwa katika wodi ile kabla Sista hajatumbukiza kiwiko chake katika beseni. Maji yakiwa ya baridi, na kwetu maji huwa ya baridi, jiko la kuni lilikokwa upya na kila mtu akasubiri. Mafuta ya mgando niliyoyaficha nyuma ya maboksi aliyapata. Nikabadilisha mahali, akayapata tena. Mwishowe niliacha kuyaficha, nikawa namwekea dirishani, akachukua bila kushukuru.

Yeye Mlutheri, mimi Mwislamu, na ugomvi wetu haukuwahi kugusa dini. Kila Idi alikula pilau nyumbani kwangu na kulalamika kwamba mke wangu anabana pilipili. Msimu wa mapeasi ukifika, watoto wangu walijua kuna kapu linakuja kutoka Mlalo. Binti yangu mdogo alipougua homa ya mapafu, Sista alikuwa likizo. Alikatisha likizo.

Kazi atakayokumbukwa nayo zaidi ni kliniki ya ngozi ya watoto, ambayo wote tunaiita Alhamisi ya Ngozi. Wanaletwa kutoka Bumbuli, Mlola, Mlalo na mabonde ya chini, watoto ambao ngozi zao zimewashinda waganga wa kila aina. Wengi wana upele na ukurutu wa kawaida, wanapona. Lakini wapo wachache waliozaliwa na kasoro ndani ya mwili, katika namna mwili unavyokitumia chakula, na kasoro hiyo hujitokeza juu ya ngozi. Kwa hao, Sista Secilia alikuwa na swali lake. Wanafunzi wote waliopita mikononi mwake walilikariri: usimuulize mama wala bibi amemlisha nini huyu mtoto, mpaka umuulize kwanza ameachishwa ziwa lini, na waliomtangulia walikuwaje.

Nilikusudia kuishia hapo, niongeze shukrani, nikabidhi karatasi. Sista mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikuja dirishani kwangu, akagonga kwa pete kama kawaida yake, akaniambia kwamba kama sitaandika swali lile limetoka wapi, basi sherehe tuifanye wenyewe, yeye atakuwa shambani. Kwa hiyo naandika. Familia ya Mlola ambayo lilitokea kwao nayo imekubali, na bibi wa familia hiyo, Bi Mwanahawa, ameagiza kwamba jina lake lisifichwe.

Huko Mlola, kama katika vijiji vingi vya milima hii, mtoto akifika wakati wa kuachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake. Mama akiwa karibu mtoto hawezi kusahau, atalia mpaka apewe. Katika ukoo huo mtoto hupelekwa na mbeleko yake. Mama humfungua mgongoni, bibi humfunga mgongoni kwake kwa kanga ile ile, na mama huondoka bila kugeuka. Bi Mwanahawa, ambaye mmoja wa wanawe ni Hamza, alikuwa na jina kubwa kwa kazi hiyo. Aliwaachisha wajukuu zake, na majirani ambao mama zao walikuwa wamefariki wakampelekea wa kwao. Uji wake ulikuwa na karanga, na mkono wake ulikuwa mpole.

Hamza na mkewe Halima walimpata mtoto wao wa kwanza, Abdallah. Alinyonya vizuri, akanenepa. Alipopelekwa kwa bibi, haukupita muda akaanza kuharisha. Ngozi ikawa nyekundu kuzunguka mdomo na makalioni, kisha vidoleni na miguuni, ikafanya malengelenge, ikachubuka. Nywele zikaanza kunyofoka. Bi Mwanahawa alimfunga mgongoni akateremka naye mpaka kwetu.

Sista Secilia alikuwa kijana bado, na wodi ilikuwa imejaa watoto wenye utapiamlo. Alimtazama mtoto akaona alichozoea kukiona: ngozi inayobanduka, nywele hafifu, tumbo linaloharisha. Akamgeukia bibi pale pale barazani, foleni nzima ya watu wa Mlola ikisikia, na ile sauti ambayo baba yake aliitaka kwa ualimu ikasema, "Bibi, huyu mtoto unamshindisha njaa." Bi Mwanahawa aliinama akarekebisha kanga ya mtoto. Alikuwa mgeni wa hospitali, na mbele yake amesimama mtu mwenye sare nyeupe.

Tulimlaza Abdallah tukampa maziwa ya dawa, yale ya pakiti wanayopewa watoto wenye utapiamlo, ambayo ndani yake yamechanganywa madini. Akapona. Ngozi ilirudi, akacheka, akamvuta Sista kofia. Akarudishwa kwa bibi yake, na baada ya muda akaugua upya, vile vile, mahali pale pale. Nani angehitaji ushahidi mwingine? Hospitalini mtoto anapona, kwa bibi anaugua. Maneno ya barazani yalikuwa yameshapanda mlima kabla yake, na sasa yakawa hukumu. Familia ilihangaika, mara wamtoe kwa bibi, mara wampeleke kwa mganga, na alipofikishwa kwetu mara ya pili, vidonda vilikuwa vimeingiwa na uchafu na damu yake imeshaambukizwa. Alifariki asubuhi, Sista akiwa amempakata.

Hamza alimchukua mwanawe akiwa amefungwa shuka letu. Mbeleko ilikuwa imechafuka na imepelekwa kufuliwa, wakaondoka bila hiyo. Ilikuwa kanga ya rangi ya kahawia yenye maua ya manjano. Sista aliianua kwenye kamba, akaipiga pasi, akaiweka rafu ya juu ya kabati la wodi. Alikusudia kuipeleka mwenyewe Mlola, na maneno makali ya kumwambia yule bibi. Kazi zikawa nyingi, hakwenda.

Bi Mwanahawa hakuletewa mtoto tena. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Watu waliacha tu kumpelekea. Naye akaacha kwenda gulioni, akawa anamtuma jirani amnunulie chumvi na sabuni. Halima alimpikia mkwewe na kumsalimia kwa heshima zote, ila chakula akakiweka kizingitini.

Kisha akazaliwa Rahma. Halima aliapa kwamba huyu hatamtoa nyumbani. Alimwachisha mwenyewe, akipaka shubiri kifuani na kulia pamoja naye. Siku aliyomleta kwetu nilikuwa wodini nimepeleka dawa, kwa hiyo hili nililiona kwa macho yangu. Sista alifunua kanga, akaona mdomo, akaona vidole, akaona makalio. Akauliza, "Huyu naye yuko kwa bibi yake?"

Halima akasema, "Hapana, Sista. Huyu sijamtoa mkononi mwangu hata siku moja."

Sista Secilia alimfunika mtoto taratibu, akamkabidhi kwa muuguzi mwenzake, akatoka kupitia mlango wa nyuma. Nilimkuta kwenye masinki ya kufulia, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Nilidhani amefiwa. Nikampa pole, akaniambia, "Pole kampe yule bibi."

Kwa bahati, daktari wa ngozi kutoka Moshi alikuwa amekuja kwa ziara yake ya kawaida. Alimtazama Rahma na kutueleza. Kuna madini yanaitwa zinki, ambayo mwili huyapata kwenye chakula. Matumbo ya watoto hawa hayajui kuyachukua. Mtoto anaponyonya, maziwa ya mama humsaidia kuyapata, ndiyo maana hunawiri. Siku anapoachishwa, hata ukimlisha nyama na mayai, ngozi huanza kuachia. Kasoro hiyo mtoto huzaliwa nayo, kaipata nusu kwa baba na nusu kwa mama, ambao wao wenyewe ni wazima na hawajui kama wanayo. Dawa yake ni zinki yenyewe, kila siku, maisha yote. Na yale maziwa ya pakiti tuliyompa Abdallah yalikuwa na zinki ndani yake. Hakuponywa na kutolewa kwa bibi. Aliponywa na kitu ambacho tulikuwa nacho na hatukukijua.

Rahma alianza vidonge. Kuharisha kulikoma kwanza, kisha akaanza kutazama watu badala ya kufumba macho kukwepa mwanga, kisha ngozi ikafunga. Wodi nzima ilifurahi. Sista alifurahi pia, lakini furaha yake ilikuwa na uchungu ndani, na hakujaribu kuuficha.

Alipanda Mlola kwa miguu, mbeleko ikiwa imekunjwa mkobani. Alimkuta Bi Mwanahawa uani anachambua maharage. Alipiga magoti, akamwamkia shikamoo, akaeleza yote bila kujitetea. Bi Mwanahawa aliendelea kuchambua mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu kuhusu ugonjwa. "Kwa hiyo angeishi?"

Sista akajibu, "Angeishi, bibi."

Mama yule alisukuma ungo wa maharage pembeni. Halafu akasema maneno ambayo Sista amenisimulia mara nyingi, kila mara kwa namna ile ile. "Mwanangu, siku uliyonisema palikuwa na watu. Leo umekuja peke yako." Sista akatoa mbeleko akamnyooshea kwa mikono miwili. Bi Mwanahawa aliitazama, akaitambua, akairudisha. "Kaa nayo. Utaniletea siku ikiwa na mtoto ndani."

Siku ya gulio iliyofuata, Sista Secilia alikwenda tena Mlola akiwa na sare, kofia na mkanda. Alipanda juu ya kreti, katikati ya wauza karoti, akasema kwa sauti ambayo hata wanywa chai kule juu waliisikia. Alisema kwanza kwa Kishambaa, kisha kwa Kiswahili, ili wachuuzi wa kutoka chini nao wasikose. "Mnanijua mimi ni nani. Mtoto wa Hamza hakufa kwa njaa. Alizaliwa na ugonjwa wake. Bi Mwanahawa alimlisha na kumtunza. Maneno yale niliyasema mimi, nilikuwa sijui, na nyie mkayabeba mpaka huku. Mimi nimeyatua. Tueni na nyie."

Mwanamke mmoja alianza kulia. Mzee muuza majembe akauliza bila ukali wowote, "Sista, mbona umechelewa hivi?" Sista alishuka, akafungua mwavuli wake, akarudi kazini, na mkoba ukiwa na mbeleko ile ile.

Baada ya hapo Bi Mwanahawa alianza tena kwenda gulioni, na Halima akaanza kula naye sinia moja. Lakini hakupelekewa mtoto yeyote wa kumwachisha. Halima na Hamza hawakuzaa tena, waliogopa. Majirani nao, sijui, labda aibu. Kanga ikabaki rafu ya juu. Kila mwaka wakati wa usafi mkubwa Sista aliishusha, akaifua, akaianika, akaipiga pasi, akairudisha. Wauguzi wageni walipouliza ni ya nani, aliwaambia ina mwenyewe. Mimi wakati ule nilimwona anajitesa bure, nikamwambia. Hakunijibu, na kwa Sista Secilia kutojibu si jambo la kawaida.

Katika miaka hiyo ndipo ilipokua Alhamisi ya Ngozi. Tulipigania vidonge vya zinki pamoja. Bohari ya dawa walituletea vya kutibu kuharisha tu, vya muda mfupi, na tulilazimika kueleza mara kwa mara kwamba tuna watoto watakaovimeza mpaka uzeeni. Vilipokosekana, Sista alifunga safari mpaka Tanga akarudi navyo. Wapo watoto wengine waliozaliwa na kasoro nyingine za namna hiyo, ambao ugonjwa wao tulifika kuujua kwa jina na dawa yake hatukuwa nayo. Hao Sista aliwaogesha kwa maji ya uvuguvugu, akawapaka mafuta yangu ya mgando, akawazoesha mama zao kuwapakata bila kuwaumiza. Walipofariki alikwenda msibani, kwa Wakristo na kwa Waislamu, na kila alikokwenda alihakikisha anasema mbele ya waliokaa kwamba hili halikuwa kosa la mtu yeyote wa nyumba hii. Nilimsindikiza mara kadhaa.

Rahma alikua. Alimeza kidonge chake kila siku, akamaliza shule, akaolewa huko huko Mlola, na mwaka jana akajifungua mtoto wa kike. Amemwita Mwanahawa. Ngozi ya mtoto tuliiangalia kila mwezi, na wakati wa kumwachisha ulipofika mwezi uliopita, Rahma hakwenda kwa mama yake wala kwa mkwewe. Alikuja wodini, akamwamkia Sista, akasema, "Nimeifuata mbeleko ya kaka."

Sista alisema atambeba mwenyewe. Tulimwambia magoti yake yameisha, akatuambia tuyaulize magoti yenyewe. Alimfunga mtoto mgongoni kwa ile kanga ya kahawia, ambayo maua yake sasa karibu hayaonekani, akapanda naye Mlola katika ukungu, Rahma nyuma yake akiwa ameushika mwavuli juu yao wote watatu.

Bi Mwanahawa sasa ni mzee sana na macho hayaoni. Walimkuta amekaa jikoni karibu na moto. Sista alimwamkia, akapiga magoti, akageuza mgongo. Mama yule alipapasa, na mkono wake ukaanza na kitambaa. Alikishika upindo, akautafuta mshono fulani aliouweka yeye mwenyewe zamani, akaupata. Ndipo akamgusa mtoto. Alipitisha kidole kuzunguka mdomo wote, akashika vidole vya mikono kimoja baada ya kingine, akashika nyayo, akaingiza mkono mpaka makalioni. Alirudia tena mdomoni. Kisha akasema, "Huyu hajambo," na akalia, na Sista akalia, na Rahma anasema hata mtoto akalia kwa kuwashangaa.

Sasa Mwanahawa mdogo anaachishwa ziwa kwa Mwanahawa mkubwa. Bibi hawezi kuinua beseni, kwa hiyo Rahma hulala chumba cha pili na hutoka kumsaidia kazi mtoto akishalala, na bibi anajifanya hajui kwamba yumo. Uji una karanga. Ngozi, mpaka ninapoandika, ni safi, na ikibadilika tunajua la kufanya.

Sista Secilia, hospitali inakushukuru kwa mikono yako, kwa viwiko vyako, na hata kwa ulimi wako, ambao ulijifunza kurudi kule ulikoumiza. Abdallah hakurudi, na tunajua kwamba hutaacha kumkumbuka. Nasi tutamkumbuka pamoja nawe. Nenda Mlalo ukapumzike, viazi vikukubali, magoti yakuhurumie, na msimu wa mapeasi ukifika usijisumbue kutuma kapu, tutalifuata wenyewe ili tukusikie ukitugombeza.

Wiki iliyopita ulipokabidhi wodi, nilikuwa miongoni mwa waliohakiki vifaa. Mabeseni yalikuwepo, mizani ilikuwepo, mashuka yalitimia. Muuguzi anayekurithi alifungua kabati, akapanda juu ya stuli, akapapasa rafu ya juu mpaka mwisho, akasema hakuna kitu. Ukaniambia, "Bakari, andika hivyo." Nimeandika, Sista.